Mkanda wa Tata

Mirongo, Mwanza
14 Septemba 2024

Dada Prudensia, au nikuite Sista kabisa,

Shikamoo. Mungu aliumba dunia kwa siku sita, ya saba akapumzika. Mimi nimemuumba Tata upya kwa siku mbili, na ya tatu sikupumzika, nilishona siti nne za pikipiki. Waambie wenzako hapo unovisi wakimaliza rozari waongeze Salamu Maria moja kwa ajili ya mikono ya Jovitus mwana wa Apolinary. Kanda ya Ziwa nzima mingine kama hii haipo. Siku nikifa mnizike mimi, mikono muiache juu iendelee na kazi.

Najua umekunja uso. Kunjua, nikueleze.

Ulipoondoka mwaka jana Tata alikuwa anatetemeka mkono tu. Sasa ugonjwa umehamia mgongoni. Akilala kitandani amenyooka kama mimi na wewe. Akisimama, anaanza kukunjika. Hatua kumi, anatazama vidole vyake vya miguu. Hatua ishirini, utadhani anatafuta sindano iliyoanguka. Si uzee. Kuna dokta wa mazoezi hospitalini, dada mmoja anaitwa Winnie, anasema ni Pakinsoni ileile, mgongo haupati taarifa kwamba umekunjika. Akampa mkanda wa kitambaa, mweupe, laini, unafungwa kiunoni unapita mabegani. Eti avae muda wa saa moja asubuhi na saa moja jioni, halafu afanye mazoezi ya kuegemea ukuta. Dada, nimewahi kuona sidiria ngumu kuliko ule mkanda.

Na Tata hana amani. Tarehe nane Desemba unaweka nadhiri zako, na mzazi ndiye anayemshika binti mkono toka mlango wa kanisa mpaka altareni amkabidhi. Mama hayupo, Mungu amrehemu, amebaki yeye. Wiki iliyopita aliniambia: "Siwezi kumtoa mwanangu kwa Mungu huku natazama sakafu kama mtu aliyeiba sadaka." Sasa mtoto wa kiume asikie hivyo, akae tu akipaka gundi kwenye siti za watu?

Nikachukua reksini nene ya siti, sponji ya inchi moja, vipande bapa vya alumini kwa mafundi madirisha, viwili nikaweka mgongoni na viwili ubavuni, na mipira ya tyubu wanayofungia mizigo bodaboda. Nikampima saa nne asubuhi, kasimama vizuri, nikakata, nikashona. Siku ya pili nikamvika. Alinyooka mpaka nikakumbuka kwamba ni mrefu kuliko mimi. Alitembea toka kwetu mpaka kibanda cha Getruda jirani, anakokaangia sato, na vijana wa bodaboda pale kijiweni wakapiga honi kama bwana harusi anapita. Picha nimeisafisha studio, hiyo hapo ndani.

Tarehe nane anaingia wima. Kazi yako wewe ni kutolia tu.

Mdogo wako mwenye mikono,
Jovitus

N.B. Barua nimempa konda wa basi la Bukoba, maana huko kwenu simu mmenyang'anywa kama wanafunzi wa bweni.


Unovisi, Bukoba
29 Septemba 2024

Jovitus,

Marahaba. Mama Mlezi alinishauri niandike nikishatulia. Nimesubiri siku nne sijatulia, kwa hiyo naandika hivihivi.

Picha nimeiangalia sana. Wewe umeangalia mgongo, mimi nimeangalia uso. Tata amefunga mdomo kama mtu anayeng'olewa jino. Mkono wake wa kushoto umeng'ang'ania nguzo ya kibanda cha Getruda hadi mishipa imesimama. Mtu aliyesimama salama hashiki nguzo hivyo, Jovi.

Naomba unijibu bila ngonjera. Huyo Winnie ameuona mkanda wako kwa macho yake? Tata anauvaa kwa muda gani? Anauvua akila? Umefunua fulana ukatazama ngozi chini ya hizo alumini? Winnie aliposema saa moja asubuhi na saa moja jioni hakuwa mvivu wa kuhesabu. Mgongo ukibebwa kutwa nzima unasahau kujibeba.

Wewe unashona siti. Unazishona vizuri, nani atabisha. Lakini siti haijawahi kukuambia hapa panauma, ndiyo maana mnaelewana.

Habari ya sidiria sitaijibu. Mama Mlezi husoma barua zetu kabla yetu, na yeye aliijibu kwa kicheko kilichosikika hadi jikoni. Mwenye aibu nilikuwa mimi.

Mpeleke Tata kwa Winnie akiwa amevaa huo mkanda. Ufanye wiki hii, si wiki nyingine.

Dada yako,
Prudensia


Mirongo
9 Oktoba 2024

Dada,

Kwa hiyo wewe ukiwa Bukoba unaona mishipa ya Tata, na mimi ninayelala naye chumba kimoja ni kipofu.

Sawa. Nikujibu bila ngonjera kama ulivyoagiza, mkuu wa mkoa. Winnie ameuona. Nimemwonyesha. Tata anauvaa akiwa macho, kwa sababu mgongo unakunjika akiwa macho, au kuna mtu anafunga mwavuli mvua inaponyesha? Akila anakula, na anamaliza. Ngozi ni ya mzee wa miaka sabini na moja, ulitaka niikute iking'aa kama ya mtoto wa kipaimara?

Sasa na mimi nikuulize. Nani anamwamsha saa kumi na mbili ampe kidonge cha kwanza? Nani anakata nyama yake vipande? Nani anafua shuka, na unajua nasema shuka za namna gani. Wewe ulipata wito. Hongera. Ulipakia begi, ukaimbiwa, ukasindikizwa na parokia nzima. Mimi hakuna aliyeniimbia. Niliamka tu asubuhi nikakuta wito wangu umekaa kitandani unatetemeka, unaomba maji.

Na huo wito naufanya kwa akili. Vijana wa kijiweni wananiita Dokta. Kuna Mzee Elias, yuko kule Butimba, naye mgongo umepinda, mwanawe kaja hapa kuuliza kama naweza kumtengenezea. Mwingine kapiga simu toka Magu. Nimeishia kidato cha pili, dada, lakini waliomaliza vyuo wametoa kitambaa cha kufutia vyombo, mimi nimetoa kitu kinachosimamisha mtu. Jumapili Tata alikwenda misa ya kwanza kwa miguu yake. Padre alishuka ngazi kuja kumsalimia. Hilo Mama Mlezi asome kwa sauti.

Endelea kutuombea. Sisi tunafanya kazi.

Jovitus


Mirongo
20 Oktoba 2024

Binti yangu Prudensia,

Nakuandikia kwa mkono wangu, asubuhi, wakati dawa inaniruhusu. Utaona mstari wa kwanza una herufi za kawaida, kisha kadiri ninavyoshuka herufi zinasinyaa. Si uzembe. Miaka thelathini niliwachapa watoto wa watu kwa kuandika hivi. Ukikutana na mmoja wao huko, niombee radhi.

Hali yangu ni ya kuridhisha. Jovitus ananihudumia. Usimgombeze sana. Mtu anayekufulia shuka ni vigumu kumkatalia jambo.

Mkanda wake asubuhi haunisumbui. Kuanzia mchana hunibana kidogo. Ni neno dogo, nimelitaja kwa kuwa umezoea kuniuliza mara mbili.

Nina hasira, mwanangu. Sina hasira na mtu wa nyumba hii. Nimewasimamisha mstarini watoto wa shule nne, wakanyooka kwa kutazamwa tu, leo mgongo mmoja, tena wangu, hautaki kunisikia. Nikiwa barabarani watu wazima wanainama kuchungulia uso wangu ndipo wanisalimie.

Nina ombi. Waulize wakubwa wako kama siku ile mzazi anaweza kukaa kitini pale mbele, na binti akatembea mwenyewe kumfikia. Kama ni kuvunja utaratibu, nitavaa mkanda na nitatembea, usiwe na shaka. Jovitus asijue kuwa nimeuliza, atasononeka. Barua hii naipitisha kwa Getruda.

Baba yako,
Apolinary


Unovisi, Bukoba
27 Oktoba 2024

Waitu Tata, baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka herufi ya mwisho. Kwa ile mistari ya chini niliazima miwani ya Sista mpishi.

Nimeuliza. Mama Mlezi alikubali kabla sijamaliza sentensi. Utakaa kwenye kiti mbele ya altare. Nitatembea kutoka mlangoni peke yangu, nitapiga magoti mbele yako, utaweka mkono kichwani pangu hata kama unatetemeka, halafu nitasimama niende. Anasema ni yeye aliyekosea kutokuwaza hivyo mapema.

Kwa hiyo, Tata, huna haja ya kunyooka kwa ajili yangu. Vua mkanda huo leo, leo hii. Rudi kwenye ule laini wa Winnie na mazoezi yako ya ukutani. Njoo ulivyokunjika. Mimi nitainama zaidi yako.

Msimu wa senene umeanza. Nitakuwekea.

Binti yako,
Prudensia


Mirongo
6 Novemba 2024

Dada Prudensia,

Barua yako kwa Tata nimeifungua mimi. Bahasha ilikuwa imelowa, nikaianika juani, ikaachia gundi yenyewe. Haya, basi, haikulowa. Konda kanipigia simu mimi, bahasha kanipa mimi, nimeifungua mimi.

Mnaandikiana nyuma ya mgongo wangu. Nyuma ya mgongo wangu, na mgongo wa nyumba hii ni mimi. Getruda ninayemuungia viatu vya watoto wake bure ndiye tarishi wenu.

Akae kitini? Apolinary akae pale mbele kama mtu anayesubiri namba dispensari, wazazi wengine wanapita na binti zao wameshikana mikono? Halafu watu wakiuliza, huyu mzee hana mtoto wa kiume? Watajibiwa anaye, fundi mmoja Mirongo, alijaribu akashindwa. Ahsante. Hapana.

Sijamsomea. Barua iko chini ya cherehani na itakaa hapo. Tata ameshanipa neno lake kuwa atatembea, na mimi nimeshawaambia watu. Kijiweni wamechanga nauli, pikipiki tatu zitatusindikiza mpaka stendi ya mabasi Nyamagana, honi juu. Unataka niwaambie nini? Kwamba sista kasema mzee akae?

Tena mkanda nimeuboresha. Ulikuwa unacheza kidogo ubavuni, nimeongeza mpira mmoja. Sasa hauchezi.

Usiniandikie mahubiri. Niandikie ukubwa wa mlango wa hilo kanisa, ili nijue tutapita wangapi kwa mstari.

Jovitus


Unovisi, Bukoba
12 Novemba 2024

Dada Winnie,

Hunifahamu. Mimi ni binti wa Mwalimu Apolinary, mgonjwa wako wa Pakinsoni aliyepewa mkanda mweupe wa kitambaa. Natuma barua hii hospitalini kwenu kwa kuwa sijui pengine pa kukupata, na simu hatutumii huku.

Mdogo wangu amemtengenezea mkanda wake mwenyewe wa reksini na alumini, na anasema umeuona na huna tatizo nao. Kama ni kweli nitaomba radhi kwenu wote wawili. Kama si kweli, nakusihi upite Mirongo, uliza fundi siti mwenye maneno mengi, mtoto yeyote atakuonyesha. Mwambie Tata maneno haya mawili: wamekubali ukae. Atakuelewa, nilimwandikia hivyo Oktoba, barua ikazuiwa njiani.

Nina hasira kiasi kwamba jana nilishindwa kusema Baba Yetu, ile sehemu ya kusamehe. Tafadhali wahi.

Prudensia Apolinary


Mirongo
19 Novemba 2024

Dada,

Kuna ajali ndogo. Usishtuke.

Tata ameanguka Jumamosi, saa nane mchana, hapo mlangoni kwetu. Getruda alikuwa amefua, akamwaga maji ya sabuni kwenye ukumbi tunaopita wote kama kawaida yake, hana macho yule mwanamke. Tata akatoka kwenda msalani, akateleza. Mbavu mbili zimepata ufa, na kuna michubuko. Yuko hospitalini. Anakula uji. Wamesema ataruhusiwa wiki ijayo. Nimekuwa naye kila siku, nalala sakafuni chini ya kitanda chake, waulize manesi, wameshanizoea.

Huyo Winnie amekuja juu kama moto wa petroli. Ananisemesha mbele ya wagonjwa kana kwamba ni mimi niliyemwaga sabuni. Eti mkanda ndio umemvunja. Nikamwambia dada, mkanda ungekuwa mbovu uti wa mgongo ungekatika, na haujakatika, sasa nani kaulinda? Akauchukua. Ameuchukua mkanda wangu akaufungia kabatini kwake kama polisi na bangi. Nimetumia siku mbili kwenye ule mkanda. Atanirudishia.

Uliyemtuma ni wewe. Najua. Tutaongea.

Jovitus

N.B. Sabuni ilikuwa nyingi sana.


Unovisi, Bukoba
26 Novemba 2024

Jovitus,

Winnie ameniandikia kurasa tatu. Nazisoma mara ya tano, na kila mara nasimama kwenye mstari uleule.

Hakuuona mkanda wako. Ulimwonyesha picha kwenye simu, ukiwa umekaa juu ya pikipiki, injini inawaka, akakuambia mlete mzee nimwone, ukamwambia poa. Hiyo ndiyo "Winnie ameuona".

Ulimpima Tata saa nne asubuhi. Saa nne kidonge cha asubuhi kimekolea, Tata ni mtu mwingine, anasimama, anatembea, anatania. Ukakata reksini kwa kipimo cha mtu huyo. Kufika saa saba kidonge kimekwisha, mwili unakunjika upende usipende, na alumini zako hazikunjiki. Siti ya pikipiki ina kipimo kimoja kutwa. Tata ana vipimo viwili, na wewe ulimshonea kile anachokuwa nacho kwa saa tatu tu. Saa zote zilizobaki alikuwa ananing'inia kwenye mkanda kwa tumbo lake.

Ana vidonda kwenye mifupa yote miwili ya nyonga. Winnie anasema si vya Jumamosi, ni vya wiki tatu au nne. Vingine vimeanza kutoa usaha. Ulikuwa unamwogesha, Jovitus. Kwa hiyo uliviona.

Nimemwandikia Getruda pia, na mwanawe Obedi ameniandikia jibu lake. Jumamosi hakufua. Jumamosi maji yalikatika mtaa mzima toka alfajiri. Mimi nilikulea, nilikufundisha kudanganya vizuri kuliko hivi.

Winnie alipompa Tata ujumbe wangu, kwamba ningeweza kumfuata akiwa amekaa, aliuliza barua iliandikwa lini. Akaambiwa Oktoba. Akageuza uso ukutani. Hajakutaja jina toka siku hiyo, wala kwa ubaya. Nadhani wewe unajua zaidi yangu maana ya hilo, maana unalala chini ya kitanda chake.

Tarehe tano Shangazi Josepha anakuja kumchukua. Watasafiri kwa meli, kwa sababu basi litamtikisa mbavu. Atafika kwenye nadhiri amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Wewe usije mpaka nikuambie. Sijui nitakuambia lini.

Kabla ya hapo nataka jambo moja. Winnie anasema walimkuta amelala kifudifudi, kichwa ukumbini, miguu chumbani, amejilowesha, na mkanda umefungwa kwa fundo la mpira ambalo nesi alilikata kwa mkasi. Fundo lilikuwa mgongoni. Mkanda wa kwanza kwenye picha ulifungwa kwa mbele, nimeiangalia tena. Kibanda chako cha kazi kiko hatua sita toka mlango ule. Nimezihesabu mara elfu nilipokuwa nyumbani. Hatua sita.

Ulikuwa wapi? Kwa nini fundo liko nyuma? Usiniambie habari za Padre kushuka ngazi. Nijibu hilo tu.

Prudensia


Mirongo
1 Desemba 2024

Dada Prudensia,

Barua yako ilifika juzi. Nimeandika majibu manne, nimeyachana manne. La kwanza lilikuwa zuri sana, ungecheka. La pili nilikutukana. La tatu nilimtukana Winnie na hospitali na aliyegundua Pakinsoni. Huyu Bwana Pakinsoni ningemkuta hapa mtaani ningemshonea mkanda wake peke yake.

Bado nina hasira, nisikufiche. Nina hasira na wewe kwa sababu uko sahihi na upo mbali, vitu viwili ambavyo mtu asipewe vyote. Nina hasira na Winnie, alinirudishia mkanda jana, kauosha. Mimi sikuwahi kuuosha. Nina hasira na Tata mwenyewe. Angenipiga. Alikuwa anawapiga watoto wa watu kwa herufi ndogo, mimi kanivumilia wiki nne na vidonda.

Niliviona. Niliviona tarehe ishirini na kitu Oktoba. Nikapaka mafuta ya mgando nikaongeza sponji. Nilijiambia siti mpya nayo inabana mwanzoni, inazoea. Nikamwambia na yeye hivyo. Akasema, "Wewe ndiye unayejua."

Ile barua yako kwa Tata nimemsomea, Ijumaa, pale hospitalini. Nimeisoma yote mpaka senene. Alinyoosha mkono, nikadhani ananitafuta mimi, kumbe anataka karatasi. Ameilalia.

Fundo. Alikuwa anauvua. Nikitoka kwenda kununua gundi au uzi, nikirudi namkuta amekaa kitandani, mkanda uko sakafuni, amejikunja anasinzia, na wateja wangu wako nje wanataka kumwona yule mzee aliyenyooshwa. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikahamishia mpira nyuma, nikafunga fundo lile la mzigo wa mkaa, ambalo hata mimi nalifungua kwa meno. Vidole vyake havifungui hata kifungo cha shati. Nilijua. Nilisema ni kwa faida yake mpaka mwenyewe nikaamini.

Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa palepale. Hatua sita. Sikwenda popote.

Alikuwepo mtoto wa Mzee Elias, amekuja toka Butimba kuniona rasmi, amevaa na shati la kuchomekea. Walikuwepo vijana wa kijiweni kama watano. Nilikuwa nawaonyesha video ya Tata akipanda ngazi za kanisa. Ikafika saa nane kasoro. Akaita toka ndani, "Jovi, nifungulie." Nikamsikia. Nikasema nakuja, Tata. Sikwenda, video ilikuwa haijafika pale Padre anaposhuka.

Akaita tena. Kijana mmoja akasema, Dokta, mgonjwa wako. Nikawaambia huyo anataka tu kutoka aonekane, si mnajua Wahaya. Wakacheka. Nikacheka na mimi.

Dada, wewe unajua Tata toka niache shule hajawahi kuitaja kazi yangu. Miaka tisa. Watu wakimuuliza mwanao anafanya nini, anasema yupo yupo. Kibanda kiko mlangoni pake, hajawahi kuingia. Siti ya kwanza niliyoshona nikamwonyesha, akauliza kama nimekula. Sijawahi kukueleza kwa sababu ningeelezaje, niseme nini, kwamba nasubiri neno.

Akaita mara ya tatu. Sauti ilikuwa imepungua, unajua ugonjwa unaila na sauti, lakini wote walisikia, na mtoto wa Mzee Elias alisikia. Akasema, "Fundi. Fundi, nakuomba unifungulie."

Nilisimama. Mguu mmoja ulikuwa umeshaondoka, naapa. Halafu nikakaa tena.

Sikuwa na kazi mkononi. Hakukuwa na sabuni. Nilikaa kwa sababu nilitaka aniite hivyo mara nyingine tena, watu wasikie vizuri.

Jovitus